Firigisi za Taifa

Kuna nchi moja, jina lake nalibana, maana kulitaja bila kibali ni kosa, na mwenye kutoa kibali yuko safarini. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri wengi kuliko mito. Huko ukitaka kujua mtu ana cheo gani huulizi. Unasubiri kuku aive, halafu unaangalia firigisi imeangukia sahani ya nani.

Hii ni mila, siyo mchezo. Nyumbani firigisi ni ya baba. Baba hayupo, ni ya mgeni mwanamume. Mgeni naye hayupo, inafunikwa mpaka baba arudi, hata akirudi kesho kutwa. Mwanamke hali, na msichana ndiyo kabisa, eti akila atakuwa jeuri na hatasikia la mume. Mimi nilikuwa naijua firigisi kwa sura tu, kama watu wanavyomjua Rais.

Serikali ya huko ni sikivu. Ikaona mila nzuri namna hiyo isiachwe mikononi mwa wananchi, wataiharibu. Ikaiingiza kwenye itifaki. Tangu hapo kiongozi akifika mahali popote, iwe kuzindua choo cha shule au kuangalia nyumba inavyoungua, lazima apewe kuku, na firigisi juu. Zamani viongozi walikuwa wachache, zilitosha. Halafu wakaanza kuteua manaibu.

*

Mama yangu, Daktari Veneranda Lukosi, alikuwa mtafiti wa Taasisi ya Kuku, chini ya Wizara ya Mifugo, Mavuno na Mapokezi. Tulikaa kota, nyuma ya mabanda. Ng'ambo ya uzio alikaa Bibi Nambuya, ambaye kila mwaka alianza ufugaji upya, kama serikali baada ya uchaguzi.

Aliyekuwa anamrudisha nyuma ni mdondo. Huo ugonjwa unakuja kiangazi. Asubuhi kuku anasinzia, jioni shingo imepinda, kesho banda limenyamaza. Dawa ya kuchanja ilikuwepo, ila inataka friji, na friji inataka umeme, na kijijini umeme ulikuwa bado. Nguzo zilikuwepo. Zilishazinduliwa. Zilibaki nyaya.

Mama akatengeneza chanjo isiyotaka friji. Unaiweka hata kabatini, unamdondoshea kuku tone moja jichoni, basi. Lakini chanjo hairuhusiwi kwa maneno matupu, ni mpaka ithibitishwe. Kwa hiyo mama akachukua kuku wa taasisi, nusu akawachanja na kuwavalisha pete za kijani mguuni, nusu hakuwachanja, akawavalisha pete nyekundu, akawaachia wote uwanja mmoja kiangazi kizima. Mvua za vuli zikinyesha na wale wa kijani bado wanachakura, chanjo inapelekwa vijijini. Hilo tu ndilo lililokuwa linatakiwa. Kuku waishi mpaka mvua.

Kila asubuhi Bibi Nambuya alikuja kwenye uzio.

"Venera mwanangu, tayari?"

"Bado bibi. Mpaka mvua."

"Haya. Mie nitaanza na jogoo wangu. Akifa yule nitaamshwa na nani, na mume nilishamzika?"

Kiangazi kikaingia, mdondo ukaja. Wa pete nyekundu wakaanza kusinzia, wakafa mmoja mmoja. Wa kijani wakala, wakapigana, wakajipaka vumbi kama hawakupata taarifa. Mama alikuwa anarudi nyumbani anaimba, na mama kuimba hajui.

Kosa lake ni moja. Alimwambia mkurugenzi.

Mkurugenzi alikuwa Profesa Longino Shembilu, bingwa wa kuku, ambaye tangu apande cheo alikuwa hajakutana na kuku mwenye manyoya. Akainua simu hapohapo kuwajulisha wizarani.

"Profesa, tungesubiri mvua," mama akasema.

"Daktari, habari njema haisubiri. Ikikaa inachacha."

*

Wizara ikatuma msafara kuja kuhakiki. Mimi kazi yangu siku za wageni ilikuwa kuwanawisha. Nilikuwa napiga magoti na birika na beseni, shikamoo, namwaga maji, naenda kwa mwingine. Ni kazi inayonifaa kwa sababu sauti yangu mbele za watu huwa haitoki, na mtu anayenawa hamwangalii anayemnawisha. Anaongea tu.

Mbele ya msafara alikuwepo Bwana Mahimbo, Ofisa Itifaki. Alikuwa mwembamba, na kazi yake nchini ilikuwa kujua nani ni mkubwa kwa nani. Akamuuliza mama kuku wako wapi.

"Kuku gani?" mama akasema. "Nimeagiza nyama ya ng'ombe."

"Daktari, mgeni aje Taasisi ya Kuku, alishwe ng'ombe? Tukienda Taasisi ya Ng'ombe tutalishwa nini, bata?"

"Hawa ni kuku wa utafiti."

"Na sisi tumefuata huohuo utafiti."

Mama akaona bora nusu shari. Akasema basi, wachukue wale wa pete nyekundu waliobaki. Profesa Shembilu alishtuka mpaka miwani ikateleza.

"Unataka kuwalisha waheshimiwa kuku wasiochanjwa? Wakipinda shingo?"

Kwa hiyo walichinjwa wa kijani. Kiongozi wa msafara akala, akanawa, akasimama kutoa neno. "Nimefika, nimeona, na nimeonja. Utafiti huu umeiva. Ningeshauri uhakikiwe zaidi."

Ukahakikiwa zaidi. Kadiri chanjo ilivyofanya kazi ndivyo kuku walivyonenepa, na kadiri walivyonenepa ndivyo idara zilivyoguswa. Walikuja wa Afya. Walikuja wa Michezo, wakasema kuku na michezo ni pacha. Walikuja wa Mambo ya Nje, sijui kuku wetu walikuwa wanakwenda wapi. Na firigisi haigawanyiki. Wakija wakubwa wengi, wanachinjwa kuku wengi, hata kama nyama nyingine wanaifunga kwenye foili kupeleka nyumbani.

Majogoo ndio walitangulia. Bibi Nambuya akauliza kwenye uzio, "Mbona kwenu siku hizi hawawiki?"

"Wamehakikiwa," mama akajibu.

*

Halafu ikatokea ile balaa ya nusu.

Siku hiyo walikuja Naibu Waziri wa Kwanza na Naibu Waziri wa Pili, kila mmoja bila taarifa ya mwenzake. Kuku alikuwa ameshapikwa mmoja. Mpishi akatumia akili, akaikata firigisi katikati, akaweka nusu huku na nusu huku. Naibu wa Pili akaigeuza na kijiko. Akaniangalia mimi, niliyekuwa hapo chini na beseni.

"Binti, nusu nyingine iko wapi?"

Nikaangalia maji.

"Nauliza. Kwa sababu mimi niliapishwa mzima."

Naibu wa Kwanza akatafuna ya kwake taratibu. "Mwenzangu kula. Kwenye kuapishwa nako ulichelewa."

"Bora aliyechelewa kuliko aliyeteuliwa kwa sababu shemeji yake alikuwa karibu na simu."

"Shemeji yangu amekukosea nini?"

"Mkae, waheshimiwa," Bwana Mahimbo akasema, jasho linamtoka puani. Wote walikuwa wamekaa.

Baraza la Mawaziri likaitishwa. Walikaa siku nzima na chakula cha mchana, wakatoka na tamko. Kwa kuwa nchi imekua, na kwa kuwa viongozi wameongezeka kwa mapenzi ya wananchi, na kwa kuwa kuku amebaki palepale tangu mkoloni, Taasisi inaagizwa kufanya utafiti wa haraka wapatikane kuku wenye firigisi nyingi.

Profesa Shembilu alilipokea tamko kwa mikono miwili. Akamwita mama.

"Daktari, chanjo tunaiweka pembeni kidogo. Hili ndilo la kitaifa."

"Profesa, kuku ana firigisi moja kama wewe ulivyo na kichwa kimoja."

"Ndiyo maana tunaitwa watafiti."

"Nani atatafiti kitu hicho?"

"Kamati ipo. Mwenyekiti ni mimi. Tunaanza na ziara ya nchi za jirani, tukaone wenzetu firigisi wanazo ngapi."

Mama alirudi nyumbani haimbi. Alikata kitunguu, akakikata tena kilichokatika, akaendelea kukikata mpaka kikawa maji. Nilitaka kumwambia kitu. Nikamwoshea kisu.

*

Sasa huko kuna mila nyingine, nayo ni ya zamani kuliko hii ya firigisi. Kuku anayeatamia hachinjwi. Ukimchinja juu ya mayai, uzazi unaondoka nyumbani kwako. Hata mwizi wa kuku akimkuta juu ya mayai anafunga mlango polepole.

Mama akakaa akaifikiria. Kesho yake akaenda kwa Bibi Nambuya kuazima mayai na matenga. Tukawakalisha mitetea wote waliobaki, tukawafunika na matenga gizani, wale wabishi tukawabembeleza na mtama. Kwa kweli kuku huwa hakubali kuatamia kwa amri, lakini hawa sijui walielewa. Siku mbili tatu uwanja ukawa kimya, kila pembe kuna mtetea amejaza manyoya, ananuna.

Bwana Mahimbo akaja kuchukua kuku wa Naibu Waziri wa Tatu, aliyekuwa ameteuliwa usiku. Akazunguka banda zima.

"Wanaatamia?"

"Wanaatamia," mama akasema.

"Wote?"

"Msimu."

"Na yule pale anayetembea?"

"Amekwenda kunywa maji. Hata wewe ofisini si unatoka?"

Akatazama, akawaza nyumbani kwake, mke wake alikuwa mjamzito. Akarudi mikono mitupu. Naibu wa Tatu alikula samaki siku hiyo, na taarifa ya habari ilisema yuko mapumzikoni.

Tukapata amani. Mama akawa anatoka nje kuangalia mawingu. Bibi Nambuya naye anatoka kwake, wanaangalia mawingu kutoka pande mbili za uzio, kama majirani wanaomsubiri mgeni mmoja.

Yakaja mawingu, yakapita. Kilichokuja ni waraka. Profesa aliusoma mbele ya watumishi wote. Mayai yaliyomo ndani ya uzio wa serikali ni mali ya serikali. Kuku asiye na mayai haatamii, amekaa tu. Na kukaa tu saa za kazi ni utoro.

Mayai yakakusanywa asubuhi hiyo, yakakaangwa kwa msafara wa mbele. Mengine yalikuwa yameanza kuwa vifaranga. Mpishi alivunja, akanusa, akaongeza vitunguu.

Mitetea wakazungukazunguka wanalia, halafu wakasahau, wakarudi kuchakura. Isipokuwa mmoja. Huyu Bibi Nambuya alikuwa amempa jina Sikubali kwa tabia zake. Alipoporwa mayai akaingia jikoni kwetu, chini ya meza, akakuta taa ya umeme, balbu iliyoungua, akaikalia. Taa yenyewe ilikuwa hapo tangu mwaka juzi inasubiri fundi wa serikali. Akaikalia moja kwa moja, macho yametulia.

Bwana Mahimbo akamfuata humohumo. Akapeleka mkono chini yake, akadonolewa, akapeleka tena, akaitoa.

"Daktari, hii ni taa."

"Anaatamia umeme," mama akasema. "Ukianguliwa tutawagawia na kijiji."

Bwana Mahimbo alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka bila kuangalia kwanza kama mkubwa amecheka. Akairudisha taa mahali pake, akaondoka ananyonya kidole. Jioni mama akamhamishia Sikubali kwa Bibi Nambuya pamoja na taa yake, kwa sababu Bwana Mahimbo anaweza kucheka leo na kukumbuka kesho.

*

Kamati ya Firigisi ikarudi kutoka ziarani na masanduku. Siku ya uzinduzi maturubai yalifungwa, kwaya ikaja, na Waziri mwenyewe akaja, Mheshimiwa Bakunda, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Akakata utepe uliokuwa umefungwa kwenye mguu wa kuku wa kuchoma. Profesa Shembilu akampasua yule kuku mbele ya kamera, akatoa firigisi moja, akatoa ya pili, akatoa ya tatu. Watu wakasimama.

Mimi nilikuwa nimetoka jikoni na birika. Kwenye ndoo ya manyoya nilikuwa nimeona pete tatu za kijani.

"Ndugu zangu," Waziri akasema, "wapo waliosema haiwezekani. Waliangalia kuku wakaona kuku. Sisi tuliangalia kuku tukaona taifa. Leo Naibu wa Kwanza amepata, Naibu wa Pili amepata, na mimi nimepata, na kuku ni mmoja. Huu ndio umoja wa kitaifa."

Mama akasimama. Nilimjua kwa jinsi alivyoshika kitambaa chake kwamba anataka kusema. Profesa naye akamjua.

"Na sasa," akawahi, "Daktari Veneranda atatuongoza kupiga makofi."

Mama akapiga kofi moja. Moja tu, kama mtu anayeua mbu. Watu wakamalizia.

Wageni walikuwa wengi siku ile. Kuku wenye firigisi tatu wakahitajika meza nzima, na kila mmoja alitengenezwa kwa kuku watatu. Jioni uwanja ulibaki na vumbi walilokuwa wanajipaka.

*

Mdondo ukaruka uzio. Kwa Bibi Nambuya alianza kifaranga, wakafuata mitetea, na mwisho yule jogoo. Alipinda shingo asubuhi, akajaribu kuwika, ikatoka sauti kama mlango. Bibi alimzika mwenyewe. Kijiji kizima kilikuwa kinachimba.

Ila kwenye kibanda cha bibi, kati ya wote waliokufa, Sikubali alikuwa amekaa juu ya taa yake, mzima, anadai maji. Mama aliingia kumwangalia kutwa mara ngapi sijui. Alikuwa ndiye kuku pekee aliye hai eneo lile, na ana pete ya kijani. "Mmoja ni mmoja," mama aliniambia. "Mvua ikimkuta hai, hawana la kusema." Na safari hii mawingu yalikuwa yamekuja kweli, meusi, yamekaa juu ya mlima hayaendi kokote.

Ndipo Waziri alipokuja kutoa pole.

Alikuja na kamera kwa Bibi Nambuya, maana kwake palikuwa na uwanja wa kuegesha magari. Akakaa kwenye kiti cha pekee, akasema taifa linalia na bibi. Halafu akaegemea kiti, akatazama upande wa jikoni. Wote wakatazama hukohuko. Bibi Nambuya akainuka, akaja uani tulipokuwa.

Mama akaona anachukua kisu.

"Bibi, hapana."

"Mgeni amekaa kwangu, Venera."

"Mpe matembele. Mpe chai. Huyu ndiye ushahidi wangu wa mwisho. Angalia wingu lile, bibi, ni leo au kesho. Akiifikia mvua utachanja kuku wako wote mpaka unakufa."

"Kuku gani?"

"Utakaowanunua."

"Nao wataliwa, mwanangu." Bibi akasema taratibu, hakuwa na hasira. "Wataenda kusema Nambuya alifikiwa na Waziri akamlisha majani. Wewe umesoma, ukiaibika una shahada zako utazishika. Mie nina heshima tu."

"Anaatamia," mama akasema.

"Anaatamia nini?"

Mama akaitazama ile taa.

"Taa siyo yai," Bibi Nambuya akasema. "Wewe ndiye daktari, wewe niambie."

Nilisimama pale na birika langu. Bibi akamwinua Sikubali kwa mabawa, na taa ikabiringika chini, ilikuwa bado ya moto.

*

Chakula kiliwekwa ndani. Nikaanza kuwanawisha. Profesa Shembilu akasoma matokeo ya chanjo kwa ufupi, maana Waziri aliuliza iliishia wapi. Kati ya kuku wote waliochanjwa, akasema, hakuna hata mmoja aliyekufa kwa mdondo.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, Mheshimiwa."

"Hongereni sana."

Mama alikuwa mlangoni. "Mheshimiwa, hakuna hata mmoja aliye hai."

"Hayo ni mambo ya kuishi, Daktari," Waziri akasema kwa upole. "Sisi tunazungumzia chanjo."

"Basi iruhusiwe."

"Itaruhusiwa, kwa nini isiruhusiwe? Leta kuku wengine, tutakuja kuhakiki."

Hapo mvua ikaanza. Ilipiga bati kwa kishindo, ikabidi watu wapaze sauti. Mama akageuka akaangalia nje, akabaki ameangalia huko huko.

Waziri akanipa mikono nimmwagie maji. Nadhani alitaka kuonekana mtu wa watu, kamera zilikuwa bado zinawaka.

"Na wewe binti, ukiwa mkubwa unataka kuwa nani? Daktari kama mama?"

Sijui sauti ilitoka wapi. "Hapana. Nataka kuwa mgeni."

"Mgeni wa wapi?"

"Mgeni rasmi."

Walicheka wote. Profesa alicheka akakohoa, Bwana Mahimbo akamwangalia Waziri kwanza halafu akacheka, hata Bibi Nambuya akaziba mdomo na kanga. Waziri akasema mtoto huyu ana akili, nchi inahitaji vijana wenye ndoto. Akaichukua firigisi kwenye sahani yake, akaimega, akanipa kipande mbele ya kamera, akatangaza kwamba tangu leo wasichana nao wanatambuliwa. Wakapiga makofi. Mama hakugeuka.

Nikaweka mdomoni. Ni ngumu kidogo mwanzoni, unatafuna kama unatafuna kamba, halafu inaachia. Nilitegemea niichukie, nilikuwa nimejiandaa kabisa kuichukia.

Ilikuwa tamu sana.